Milango Minne ya Kwenda Ikanyalo

Usingizi unamkuta Edina Chaula mezani, saa nane mchana, kalamu ya risasi ingali mkononi na ramani ya milima imetandazwa mbele yake kutoka kwenye kichupa cha chumvi hadi ukingoni mwa meza. Ni mwezi wa sita, baridi ya Njombe imeingia mpaka kwenye vijiko, na ukungu uliotanda dirishani tangu asubuhi haujataka kunyanyuka. Amekuwa akipanga safari ya baiskeli. Siku ya kwanza kilomita ishirini na nane, kwa kuwa barabara bado ina huruma. Siku ya pili kumi na tisa tu, maana hapo ndipo mwinuko unapoanza kudai pumzi. Kisha siku nzima ya kupumzika kwa mchungaji mmoja anayewafahamu, kisha juu tena, na juu tena, mpaka wavuke ile milango minne. Milango ndivyo Lameki, mume wake, alivyozoea kuyaita mapengo ya huko juu, mahali ambapo barabara huponyoka kati ya kilele na kilele na upande wa pili ukatokea ghafla kama chumba kingine cha nyumba. Lameki Sanga ana miaka sabini na miwili. Alikuwa bwana afya, na kwa miaka mingi alivuka milango hiyo kwa baiskeli akipeleka chanjo kwenye zahanati za nyuma ya milima. Katika zahanati ya mwisho, Ikanyalo, ndiko alikomkuta Edina, nesi wa miaka ishirini na mitatu, akamwoa. Sasa ana ugonjwa wa kusahau, huu mwaka wa tatu. Kila alasiri anavaa kofia, anasimama katikati ya sebule aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, anasema, nataka kwenda nyumbani. Wiki iliyopita alitoka kimya kimya, wakamkuta stendi ameketi juu ya gunia la viazi la mtu, anasubiri basi la kwenda mahali ambapo amepasahau jina. Ndipo Edina alipoamua kwamba kama nyumbani ni Ikanyalo, basi atampeleka. Fundi wa kuchomelea amewaunganishia baiskeli ya siti mbili: mbele akae Edina mwenye usukani na breki, nyuma akae Lameki akanyage tu, kwa maana miguu ya Lameki haijasahau kitu.

Lakini asubuhi ya leo mtoto wao wa pekee, Yoramu, amepiga simu kutoka Dodoma. Mama, amesema, una miaka sitini na minne, na daktari alikwambia mahali pageni panamvuruga mzee. Sasa niambie ukweli, hii safari ni ya nani? Edina amemwambia atampigia kabla jua halijazama, akarudi kwenye ramani, akachora mstari mwembamba kutoka mlango wa tatu kwenda wa nne, na sasa anashangaa kwamba mstari haukomi pale anapoinua mkono. Unaendelea peke yake. Unapita kwenye ukingo wa karatasi, unavuka mbao za meza, unapanda ukutani, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopanuka, unapata vumbi jekundu, unapata makorongo ya mvua na kokoto, na Edina yuko juu yake, mikono kwenye usukani, anakanyaga, na nyuma yake anasikia pumzi za Lameki zikija na kwenda, na mnyororo ukilia taratibu chini yao.

Wanapanda katikati ya mipaini iliyosimama kimya pande zote mbili, na kila kona wanayoimaliza inawapa kona nyingine iliyo sawa nayo, jiwe lilelile, kisiki kilekile, hata Edina anaanza kuhisi kwamba si wao wanaopanda bali ni mlima unaoshuka polepole chini ya magurudumu. Kwenye mlango wa kwanza ameketi mwanamke anachambua maua ya pareto kwenye ungo. Anainua kichwa, na pale penye uso hapana kitu, ni laini tu kama jiwe la mtoni. Edina haogopi. Anasimamisha baiskeli, anamwamkia kwa salamu ya huko, kamwene, mama. Kamwene, anajibu mwanamke, na sauti inatoka kwenye maua. Edina anamuuliza kama hii ndiyo barabara ya Ikanyalo. Ndiyo yenyewe, anasema mwanamke. Ina urefu gani? Inafika pale jina lako linapoishia. Edina anasema hajaelewa. Panda tu, anasema mwanamke, akirudi kwenye maua yake, kuna mambo huelewi mpaka miguu ielewe kwanza.

Wanavuka, na upande wa pili hakuna mlima. Ni Njombe. Ni mji wao, ila umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo: kanisa lililo kulia sasa liko kushoto, maandishi ya madukani yanasomeka kutoka mwisho kwenda mwanzo, na watu wanaopita wanampungia mkono wa kushoto bila kusema neno. Barabara inawapitisha mbele ya nyumba yao wenyewe. Dirishani, nyuma ya kioo kilichopata ukungu, Edina anamwona mwanamke mwenye mvi amelala mezani, shavu juu ya ramani. Kwa mara ya kwanza tangu waanze safari Lameki anasema. Yule mama ni nani? Edina anamjibu, ni mimi. Lameki anatazama, anafikiri. Mwamshe, anasema, atapata baridi. Edina anashuka, anagonga kioo kwa kidole, anagonga tena kwa kiganja, lakini yule wa ndani haamki, anageuza shavu tu, na kioo ni baridi kiasi kwamba kiganja kinabaki kinamuuma muda mrefu baada ya kurudi kwenye usukani na kuanza tena kukanyaga, kwa kuwa barabara haiishii hapo. Inapita katikati ya mji, inatoka, inapanda.

Kwenye mlango wa pili kuna geti, ule mti mrefu unaolazwa kukatiza barabara magari yakakaguliwa mizigo. Mlinzi wake amevaa koti la jeshi na hana uso. Mmebeba nini? anauliza. Edina anamtajia: nguo za joto, unga, blanketi mbili, dawa za mzee. Nimeuliza mmebeba nini, anasema mlinzi. Edina anataja tena, safari hii anaongeza pampu na viraka, na kadiri anavyotaja ndivyo ule mti unavyonenepa, sasa umekuwa mnene kama pipa. Basi nitauliza hivi, anasema mlinzi, safari ni ya nani? Ya mume wangu, anajibu Edina, anataka nyumbani kwao. Mti unanenepa. Ni ya mume wangu, mwenyewe anaomba kila siku, muulize. Mti unazidi, umefika kifuani, gome lake linakwaruza usukani. Nyuma yake Lameki anaimba kwa pua wimbo usio na maneno, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Ni yangu, anasema. Ni yangu mimi. Huu ni mwezi wa tatu hajaniita jina langu. Ananiita dada, ananiita mama, juzi aliniita mhudumu akanishukuru kwa chai. Pale Ikanyalo, mlangoni pa zahanati, ndipo alipolitamka kwa mara ya kwanza, nami nikajisemea nikimsimamisha palepale huenda mdomo ukakumbuka, hata mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, kabla hatujafika mahali ambapo hakuna tena wa kulitamka. Mwanangu aliniuliza nikamkwepa kwa aibu. Amemaliza kusema. Mti umenyanyuka. Umetua mzigo, anasema mlinzi, sasa ndipo utauhisi uzito wake. Na kweli, wanapoondoka, pedeli ni nzito kuliko zilivyokuwa.

Mji unaofuata ni uleule, umegeuzwa tena, kwa hiyo sasa kanisa limerudi kulia kwake, lakini mji umekuwa mdogo. Mabati ni machache, nyasi ni nyingi. Pale penye nyumba yao kuna kamba tu zimefungwa kwenye vigingi vya miti, zikionyesha vyumba vitakapokaa, na mtu amechora kwa kisigino kwenye udongo mahali pa mlango. Edina angependa kusimama aonyeshe, Baba Yoramu, unaona, unakumbuka tulivyobishana kuhusu hili dirisha? Lakini mteremko umewachukua. Breki, dada, anasema Lameki nyuma yake kwa utulivu, kuna kona mbele. Na kona ipo, kali, na chini yake bonde limejaa wingu. Edina anabana breki, wanapita. Amesema dada. Edina anaendelea kukanyaga. Barabara inaingia kwenye mianzi, mianzi inazidi kusongamana, wingu linashuka hadi kwenye mikono yake asiione, na pedeli zinakuwa nzito, nzito zaidi, mpaka anahisi kila mzunguko anauinua kutoka kisimani. Anasema, Baba Yoramu, kanyaga kidogo. Hapati jibu. Anageuka. Siti ya nyuma ni tupu. Pedeli za nyuma zinazunguka zenyewe, mbele, mbele, kana kwamba miguu imebaki na mwenye miguu ameshuka.

Edina anaiangusha baiskeli. Anaita. Ni wito uleule alioita wiki iliyopita kwenye vichochoro vya mji, akiwa na kanga begani na viatu vya ndani, wito wa kuona haya na hofu kwa pamoja, na sasa anaita Lameki, anaita Baba Yoramu, anaita Mwalimu wa Chanjo kama walivyokuwa wakimwita wanakijiji, na mianzi inamrudishia kila jina likiwa limepungua herufi. Barabara iliyokuwa moja imekuwa nyingi, zinapishana juu na chini kama ukili wa kikapu, na anakimbia kwenye moja na kujikuta kwenye nyingine, na zote zinarudi palepale, kwenye mlango wa tatu, ambapo mwanamume mmoja amechuchumaa mbele ya beseni la maji anatafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Naye hana uso. Anauzamisha mpira majini, anatazama mapovu kwa paji tupu lisilo na macho. Kaka, anasema Edina akihema, umemwona mzee mwenye kofia? Nimemwona. Amekwenda wapi? Amekwenda kabla. Kabla ya nini? Kabla yako, anasema yule mtu, na anaubonyeza mpira, na povu moja linapanda na kupasuka. Edina anataka kumshika mabega amtikise, lakini miguu yake imeshaanza kwenda, kwa sababu kutoka hapo barabara ni moja tu tena, nyeupe kwa umande ulioganda, inapanda bila kona hata moja kwenda mlango wa nne.

Anatembea kwa miguu. Mianzi inabaki chini, mipaini ilishabaki zamani, sasa ni majani mafupi na maua, maua ya manjano na ya zambarau yaliyofunikwa barafu nyembamba, hadi upeo wa macho, na upepo hauna kitu cha kuutikisa ila yeye. Kwenye mlango wa nne, kati ya majabali mawili, baiskeli imeegemezwa na moto mdogo unawaka. Kijana mmoja anageuza viazi kwenye majivu kwa kijiti. Anainua kichwa, na ana uso. Katika nchi ile yote ndiye pekee mwenye uso: nyusi zilizokutana, kovu dogo kidevuni, mdomo unaotaka kucheka kabla ya wakati. Ni Lameki, Lameki wa miaka thelathini na mmoja. Kijana anainuka haraka, anajipangusa majivu mikononi, anainamisha kichwa kwa heshima. Shikamoo, mama, anasema.

Edina anaitikia, marahaba, kwa sababu hakuna neno jingine linalokuja. Anamtazama machoni akitafuta, na machoni mle hamna chochote cha kumhusu, hamna kumbukumbu wala kusahau, kuna wema tu wa mtu kwa mpita njia. Umetembea peke yako mpaka huku, mama, kwa baridi hii? anasema Lameki. Anavua koti lake, anamfunika mabegani bila kungoja ruhusa, anamsogezea jiwe akae, anammenyea kiazi, anakipuliza kabla ya kumpa. Edina anakula. Kiazi ni kitamu, na machozi yanamtoka, naye Lameki anageuza uso kutazama maua ili asimwaibishe. Unaelekea wapi, baba? anamuuliza hatimaye, akimwita baba kama mama mtu mzima anavyomwita kijana. Ikanyalo, anasema Lameki. Unapeleka chanjo? Lameki anatazama kisanduku cha chanjo kilichofungwa kwenye keria, anakuna shingo, anacheka kidogo kwa aibu. Mama, wewe ni mpita njia, sitakuona tena, ngoja nikuambie. Anafungua kifuniko. Ndani hamna barafu wala chupa. Kuna shati safi lililokunjwa, na kitana. Chanjo niliipeleka wiki iliyopita, anasema, na zamu nyingine ni mwezi ujao. Lakini kuna nesi pale. Sijamwambia neno la maana hata moja. Basi nimemwambia mkubwa wangu ninakwenda kukagua visima, na nesi nitamwambia nilikuwa naleta ya nyongeza, barafu ikayeyuka njiani, chanjo ikaharibika, nikaimwaga. Milango minne, mama, na kisanduku kitupu.

Edina anaikumbuka siku hiyo. Anaikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi. Alimgombeza. Alimwambia, bwana afya mzima unaachaje barafu iyeyuke, watoto arobaini waliokosa wiki iliyopita wanangoja, na Lameki alisimama mlangoni akiwa na shati safi, akapokea matusi yote, akaomba nyundo, akashinda mchana kutwa akipigilia mabati ya zahanati yaliyokuwa yakivuja. Kwa miaka arobaini na mmoja Edina amekuwa akiisimulia siku hiyo kama siku ya uzembe wa mume wake, wageni wakicheka na yeye mwenyewe akicheka, na Lameki akicheka pamoja nao bila kujitetea. Kijana anamtazama kwa wasiwasi. Niambie, mama, wewe umeishi, nikimwambia ukweli atanidharau? Usimwambie leo, anasema Edina, leo ana watoto wengi na usingizi mchache, hatasikia. Mwambie baadaye. Baadaye lini? Baadaye sana, baba. Atauhitaji zaidi wakati huo. Lameki anaitikia kwa kichwa kama aliyepewa maelekezo ya dawa. Halafu anauliza kwa adabu, nikifika huko nikasema nilikutana na mama mmoja njiani, nimtaje kwa jina gani? Edina anavuta pumzi atamke, hatimaye atamke mwenyewe kile alichokuja kukisikia, na jina halipo. Anatafuta nyuma ya meno, anatafuta kifuani, linaanza na sauti moja kisha linakwisha, kama barabara inavyokwisha mbele ya ukuta wa jabali. Nimesahau, anasema. Nimesahau jina langu. Naye Lameki hashtuki, hamhurumii hata, anamfunga tu kifungo cha juu cha lile koti. Si kitu, mama, anasema. Litakuja au halitakuja. Wewe sogea kwenye moto. Na Edina anasogea, hana jina, hana mume, si mke wa mtu wala nesi wa mahali, na joto linampata vilevile, linaingia kupitia magotini, linapanda, na sauti ya Lameki inaendelea kusimulia habari za yule nesi, jinsi anavyotembea akiwa na kalamu sikioni, jinsi anavyowaita watoto kwa majina ya mama zao, sauti inaendelea, inazeeka kidogo kidogo, inapata mkwaruzo, inapata kikohozi.

Basi nikapigilia mabati mpaka jioni, inasema sauti, vidole vyote vimevimba. Edina anafungua macho. Shavu lake liko juu ya karatasi. Mbele yake, ng'ambo ya meza, ameketi Lameki mzee, kofia kichwani, viganja vimelala juu ya milima ya ramani, anazungumza kwa utaratibu kama mtu aliyeanza kuzungumza zamani. Mabegani mwa Edina kuna koti. Ni koti la Lameki, la siku zote, la kijivu, na hakumbuki kulivaa. Ulikuwa unasema nini? anamuuliza. Lameki anamtazama. Macho yake ni yaleyale ya mlango wa nne, hayana kumbukumbu na hayana kusahau. Umeamka, mama, anasema. Nilikuwa nakusimulia, nikaona umesinzia, nikaendelea. Ulikuwa unanisimulia nini? Edina anauliza tena, na mkono wake ulioshika ukingo wa meza unauminya. Lameki anainama mbele, anatazama mlango wa jikoni, anatazama dirisha, anashusha sauti. Usije ukamwambia yule nesi, anasema.

Edina naye anainama mbele, anashusha sauti. Sitamwambia, anasema.

Nje ukungu umekaribia zaidi, umelala kwenye kioo kabisa, na duka la ng'ambo ya barabara limebaki kivuli tu, hata mtu hawezi kusoma maandishi yake kujua yanakwenda upande gani. Kanisa pia halionekani. Kiganja kinamuuma kwa baridi. Anakitazama na hajui kama ni cha kugonga kioo au cha kulaliwa tu, na anagundua kwamba hana haraka ya kujua. Anaichukua simu, anampigia Yoramu, na kabla mtoto hajamaliza salamu anamwambia, ulitaka ukweli, safari ni yangu mimi. Tunaondoka Jumatatu, na baba yako atanisindikiza. Ikibidi kurudi njiani tutarudi, na akiniita dada njia nzima nitaitika. Simu inakwaruza, kuna upepo ndani yake. Mama, anasema Yoramu, mbona sauti yako iko mbali hivyo? Uko wapi? Edina anatazama ukungu dirishani, anatazama ramani isiyo na mwisho upande wa juu, anamtazama mzee aliyenyoosha mkono kumfunga kifungo cha koti.

Nipo na baba yako, anasema.